Muvi ya kwaya ya Waswidi iliyokwenda Innsbruck: mmoja analia, mwingine anasonya, umwamini nani?

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu wa kwaya ya usharika wetu wa KKKT huku Kagera. Mwakani tumealikwa Uswidi na usharika rafiki, na mgeni wao mmoja aliniambia kabla hatujaenda tuicheki muvi yao ya Så som i himmelen, ya kwaya ya kijijini inayosafiri mpaka Austria. Nimesoma maoni ya watazamaji nimechanganyikiwa kabisa. Huyu anatoa kumi kwa kumi anasema kalia mpaka mwisho, mwingine anasema upuuzi mtupu, mwingine anasema inatukana kanisa. Hata kama yule mwalimu wa kwaya alikufa au hakufa hawaelewani. Nimwamini nani, na je niwaonyeshe wanakwaya wangu?"

Jibu:

Mwalimu, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi salamu kwako na kwa kwaya nzima. Nianze na jibu lenyewe usije ukachoka katikati ukaondoka mikono mitupu: waonyeshe, ila watu wazima tu, na mchungaji wako awe ameshaiona yeye kwanza, sababu nitakwambia huko mbele. Kuhusu nani umwamini, hao wote hawadanganyi, shida ni kwamba yule anayelia na yule anayesonya hawaangalii kitu kimoja, mmoja kaikamata muvi kwa masikio ya uimbaji na mwingine kaikamata kwa maongezi, na hii muvi watu wakiimba iko vizuri mno, wakianza kuongea inapwaya. Ukishalijua hilo, karibu kila maoni utakayosoma utaelewa yametokea wapi.

Stori kwa kifupi, kwa ambao hawajaiona. Kuna jamaa anaitwa Daniel Daréus, mwongoza okestra wa kimataifa, mkali, hana muda na mtu, anadondoka kwa ugonjwa wa moyo akiwa kazini jukwaani. Anaacha kila kitu anarudi kijiji alichoishi utotoni huko Norrland, kaskazini mwa Uswidi, kijiji kinaitwa Ljusåker na usihangaike kukitafuta kwenye ramani maana ni cha kubuni. Ananunua jengo la shule ya zamani anakaa humo na baridi yake. Utotoni alikuwa anapigwa na watoto wenzake mpaka mama yake akamhamisha, na jina alishabadilisha ukubwani, kwa hiyo anaingia kijijini kama mgeni. Mwenye duka, Arne, anamvuta aje kusikiliza kwaya ya kanisa, asikilize tu kidogo, na wewe mwalimu unajua "njoo usikilize tu" huwa inaishia wapi. Anaishia kuwa kantor, yaani kiongozi wa muziki wa kanisa, ambayo kwenye kanisa la Uswidi ni ajira kabisa yenye mshahara, sio kama huku kwetu mwalimu wa kwaya analipwa baraka na soda ya Pasaka.

Humo kwenye kwaya sasa ndio utawakuta watu. Gabriella ambaye mumewe Conny anampiga na kijiji kizima kinajua. Inger, mke wa mchungaji Stig. Lena binti wa dukani ambaye Daniel anampenda, na ndiye anayemfundisha kuendesha baiskeli mtu mzima yule. Tore, kijana mwenye ulemavu wa akili. Holmfrid, jamaa mnene ambaye Arne anamtania unene wake miaka nenda rudi. Siv, mama mcha Mungu mwenye kuhukumu kila kitu. Wanafanya mazoezi, wanaanza kuelewana na kugombana, wanafanya konseti, mchungaji anaona kwaya inamnyang'anya waumini, na mwisho wanapata nafasi ya kwenda kushindana Innsbruck.

Muvi ilitoka 2004, mwongozaji ni Kay Pollak, mzee ambaye alikuwa hajatengeneza muvi tangu 1986. Yule anayecheza Daniel ni marehemu Michael Nyqvist, na vijana wako lazima watamtambua, ndio yule bosi wa Kirusi kwenye John Wick ya kwanza, tena ukimuona hapa akijifunza baiskeli huku anacheka kama mtoto huwezi kuamini ni mtu yule yule. Alifariki 2017 kwa kansa ya mapafu. Nchini kwao waliiangalia watu zaidi ya milioni moja, nchi yenyewe wakati ule ilikuwa na watu kama milioni 9, kwa hiyo piga hesabu. Halafu kule Sydney, Australia, kuna ukumbi mmoja wa sinema uliiweka zaidi ya mwaka mzima, watu wanarudi na mama zao, wanarudi tena na kwaya zao. Ikateuliwa Oscar ya muvi ya lugha ya kigeni kwenye tuzo za 2005, na cha kuchekesha ni kwamba mwaka ule ule Ufaransa nayo ilipeleka muvi ya kwaya, Les Choristes, na Afrika Kusini ilikuwemo na Yesterday iliyoigizwa kwa Kizulu, wote wakapigwa chini na Mar adentro ya Uhispania. Ila nyumbani Uswidi, kwenye tuzo zao za Guldbagge, iliteuliwa vipengele vingi ikatoka bila kitu, na wachambuzi wengi wa magazeti waliiangalia kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo huo ubishi uliousoma haujaanza juzi, ni ugomvi wa watazamaji na wachambuzi tangu siku ya kwanza, na watazamaji ndio walioshinda kwenye tiketi.

Sasa tuwachukue hao wanaolia. Karibu wote, hata uwasome kwa lugha gani, wanaishia kwenye sini moja, ile ya Gabriella kuimba peke yake kwenye konseti. Daniel kamwandikia wimbo, yeye anaogopa, mumewe hataki hata kusikia, kijiji kimejaa. Huo wimbo ni wa Stefan Nilsson na maneno yake ni ya Py Bäckman, na ujumbe wake ni mwanamke anayesema maisha haya sasa ni yangu, nataka nijue kwamba niliishi. Aliyeigiza Gabriella ni Helen Sjöholm, na huyu sio muigizaji aliyefundishwa kuimba wiki mbili, ni muimbaji hasa, ndiye aliyebeba Kristina från Duvemåla mwaka 1995, tamthilia ya muziki ya wale wanaume wawili wa ABBA, Benny Andersson na Björn Ulvaeus. Kwa hiyo pale hakuna ujanja wa kamera. Msikilize jinsi anavyoanza, anaanza chini karibu kama anaongea, hana pumzi za kutosha kwa sababu ya woga, kisha kwaya inaingia nyuma yake taratibu inamnyanyua, na kadiri inavyomnyanyua ndio anavyosimama wima. Mwalimu, wewe unajua solo ikibebwa na kwaya vizuri inafanya nini kanisani, watu wanaanza kutafuta leso hata kabla hawajasikia maneno. Wanaolia hapo hawajadanganywa na mtu yeyote, wimbo ule umejengwa kufanya kazi hiyo na unaifanya, na ndio maana kwaya nyingi za Ulaya mpaka leo zinauimba hata kwa watu ambao muvi yenyewe hawajawahi kuiona.

Na kuna kingine kwenye ile sini ambacho maoni mengi yanapita juu juu. Conny yupo. Majirani wapo. Watu walionyamaza miaka yote wako pale wanasikiliza, kwa hiyo ukimuangalia Gabriella angalia na nyuso za wanaomsikiliza, kuna wanaofurahi na kuna ambao hawajui macho yao wayaweke wapi.

Wanaoiponda nao tuwape haki yao, maana wengi wanasema kitu cha kweli kabisa. Malalamiko makubwa ni kwamba wahusika wamechorwa kwa rangi moja moja. Conny ni mbaya tu, anaingia mbaya anatoka mbaya, na kumbe ndiye huyo huyo aliyekuwa anampiga Daniel utotoni, yaani mwandishi kaona ubaya wa kumpiga mke hautoshi kaongeza na wa shuleni. Mchungaji Stig ni mnafiki kuanzia juu mpaka chini, anahubiri usafi huku kaficha magazeti ya uchi kabatini. Kila mwanakwaya ana kidonda kimoja, na kila kidonda kinapata siku yake ya kutumbuliwa mbele ya watu, leo huyu kesho yule kama foleni ya kliniki. Ukishaigundua hiyo foleni unaanza kukaa unasubiri nani anafuata, na hapo machozi yanakauka. Mimi hapo nakubaliana nao. Chanzo chake kinajulikana pia, Pollak ile miaka yote ambayo hakutengeneza muvi alikuwa anaandika vitabu na kutoa mihadhara kuhusu mtu kujikubali na kuchagua furaha, sasa watu wake kwenye muvi kuna mahali wanaacha kuongea kama wanakijiji wanaongea kama wamehudhuria semina ya mwandishi. Daniel hasa, kuna sentensi zake mbili tatu ungeweza kuzibandika ukutani ofisini kwa mshauri nasaha.

Ila hawaponi wote, kuna wanaozidisha. Kusema kila kitu ni cha kutabirika sio kweli. Ile sini ya Holmfrid kwa mfano, Arne anamtania unene kama kawaida yake, watu wanacheka kama kawaida yao, na safari hii Holmfrid analipuka, analia kwa hasira, mtu mzima mwanaume, kwa utani aliouvumilia tangu shuleni. Hakuna aliyejua kama inamuuma. Sini fupi, haina muziki, haina hotuba, na ndio iliyoandikwa vizuri kuliko zote kwenye ile muvi, na nakuhakikishia ukiwaonyesha wanakwaya wako kuna watu watageuka kuangaliana maana kila kwaya ina Holmfrid wake na Arne wake. Sijaona wengi wakiitaja, wote wamekimbilia kwa Gabriella.

Haya, hili la kutukana kanisa ndio linalokuhusu zaidi. Wanaosema hivyo wanaizungumzia hasa ile sini Inger anapomgeukia mumewe akamwambia dhambi ni kitu ambacho kanisa limekitunga ili liwashike watu, Mungu mwenyewe hana habari hizo. Anasema kwa hasira za mke aliyechoka, kwa hiyo kama neno la mhusika linakubalika, mtu akigombana na mumewe anaweza kusema lolote. Lakini tusijifanye hatuoni, muvi yenyewe iko upande wake, haimpi mchungaji hata nafasi moja ya kujibu kitu cha maana. Kwa hiyo aliyeandika kwamba kanisa limeonewa ana hoja. Mimi nilichokikosa pale sio heshima kwa mchungaji, ni ukweli tu, maana huyo Stig kachorwa kama mchungaji wa kijijini wa miaka mingi sana nyuma. Kanisa la Uswidi limebariki wanawake kuwa wachungaji tangu 1960, na tarehe 1 Januari 2000 likatengana na serikali, kwa hiyo mwaka 2004 mchungaji wa kijijini hakuwa tena yule mtu wa kutetemekewa na kila nyumba. Ni kweli kaskazini kule kuna historia ya uamsho mkali, ule wa mchungaji Laestadius wa karne ya 19, watu wa pombe mwiko na anasa mwiko, muvi haiwataji lakini Mswidi akimuona Siv na ule ukali wake kichwa kinaenda huko huko. Wewe nenda ukijua kwamba wenyeji wenu hawafanani na Stig, kuna uwezekano mkubwa mtapokelewa na mchungaji mwanamke aliyevaa suruali ya jinzi, na wazee wenu waambiwe mapema wasije wakaanza kumuuliza mchungaji yuko wapi.

Tena kichwa cha muvi chenyewe kimetoka kwenye Sala ya Bwana, pale kwenye "kama huko mbinguni", kwa hiyo mtu asikwambie ni muvi ya wapagani, ni muvi ya watu waliokulia kanisani na wana ugomvi nalo, na ugomvi wa ndani ya nyumba ndio huwa mkali.

Wanaonifurahisha mimi ni kundi la nne ambalo wewe hujalitaja, waimbaji na walimu wa kwaya wenyewe. Hawa nao wamegawanyika. Daniel hafundishi nyimbo kwa muda mrefu sana, anawalaza chini, mmoja kaweka kichwa kwenye tumbo la mwenzake, wasikilize pumzi, kisha kila mtu atafute toni yake mwenyewe. Anaamini muziki upo tayari hewani, kazi yetu ni kuusikia na kuuchukua. Walimu wengine wanacheka wanasema hakuna kwaya inayokwenda kushindana Ulaya kwa kulaliana matumboni, mbona hatuoni sauti ya pili ikikosea mahali pale pale wiki tatu mfululizo, mbona hatuoni tena wakiibiana noti na soprano, mbona besi wote wanafika kwa wakati. Kweli, na hapo muvi imeruka kazi yote ngumu. Lakini zoezi la kulala chini sio uchawi wala mbwembwe, mtu akilala chali kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, kinafanya kazi chenyewe, mabega hayawezi kupanda, anasikia pumzi ya tumboni bila kuelezwa maneno mengi, na kichwa kikiwa kwenye tumbo la mwenzio unaisikia na ya kwake. Hilo lichukue ulijaribu, ila kwa mazingira yetu wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, ama sivyo kesho yake utaitwa kwenye baraza la wazee. Na ile ya toni moja, kila mtu ashike sauti inayomkaa bila kulazimisha halafu watu waelekee pamoja taratibu, ni njia nzuri ya kupasha sauti joto kuliko kuanza moja kwa moja na wimbo huku nusu ya watu bado wanahema wametoka kupanda boda.

Ujue Waswidi hawa na kwaya ni kama sisi na mpira. Idadi inayotajwa kila siku ni waimbaji wa kwaya kama 600,000 nchi nzima, kanisani, vyuoni, makazini, kila mahali, na kule Uppsala kuna kwaya ya wanaume ya Orphei Drängar iko tangu 1853. Kwa hiyo muvi ilipotoka ilikuta nchi ambayo karibu kila familia ina mtu anayejua harufu ya chumba cha mazoezi. Huo ndio nusu ya ushindi wake, na nadhani ndio maana hata wewe na mimi tunaielewa haraka kuliko mchambuzi wa gazeti la mjini asiyewahi kusimama kwenye mstari wa alto na noti imempotea.

Kuna wale wanaolalamika kwamba wameahidiwa safari na safari hawakuiona. Hao nawaelewa na wewe ujiandae hivyo hivyo, usiwaambie wanakwaya "tunaangalia muvi ya safari ya kwaya" maana watakaa zaidi ya saa moja na nusu wanaangalia theluji na ugomvi wa kijijini. Innsbruck yenyewe inakuja mwishoni mwishoni. Mji ule uko katikati ya milima ya Alpi, jimbo la Tirol, umeandaa Olimpiki za msimu wa baridi 1964 na 1976, mji mzuri hasa, na muvi inakuonyesha kidogo tu. Shindano linaitwa Let the Peoples Sing, na shindano la jina hilo lipo kweli, ni la mashirika ya utangazaji ya Ulaya chini ya umoja wao wa EBU, linahusu zaidi redio, kwaya zinasikilizwa kwa rekodi kwanza, fainali ndio inarushwa hewani. Mtu anayelijua atakwambia kwaya ya duka na kanisa la kijiji kufika pale haraka vile ni ndoto. Sawa ni ndoto, mimi haijanisumbua, kilichonisumbua ni kwamba wamekimbia. Kwaya ikisafiri ndipo inapojulikana, nani ananuna kwenye chumba cha hoteli, nani kasahau sare, nani sauti imekauka kwa baridi, nani anajifanya mwenyeji wa Ulaya kwa sababu aliwahi kupita uwanja wa ndege, yote hayo yangekuwa dhahabu na Pollak kayaacha, kakimbilia ukumbini.

Na ukumbini kwenyewe ndipo lilipo lile swali la kufa au kutokufa. Wanakwaya wako jukwaani, ukumbi umejaa, kwaya zingine zote zipo, Daniel haonekani. Yuko chooni, moyo umemshika, kaanguka kagonga kichwa, damu zinamtoka. Kwenye jukwaa Tore anashikwa na wasiwasi anaanza kutoa ile toni yake, mwenzake anaidaka, mwingine anaidaka, inakuwa kwaya nzima, kisha wale wapinzani wao kwenye viti nao wanasimama wanaingia, ukumbi wote unakuwa sauti moja isiyo na wimbo. Daniel anaisikia kupitia tundu la hewa huku amelala chini, anatabasamu. Halafu tunamuona shambani, mtoto mdogo yule aliyekuwa yeye, na yeye mtu mzima anakwenda anambeba. Wanaosema hakufa wanang'ang'ania kwamba hatujaonyeshwa daktari wala jeneza. Mimi tangu mwanzo nilisoma kwamba amekufa, na ubishi wenyewe uliisha 2015 pale Pollak alipotoa muvi ya pili, Så ock på jorden, ambayo inaanza Daniel ameshakufa na Lena ana mimba yake. Kwa hiyo ukikutana na mtu bado anabisha mwambie akaiangalie hiyo.

Wapo wanaosema mwisho ule ni wa kizembe kwa sababu hatujui nani kashinda. Hapo napingana nao kabisa kabisa. Kwaya imesafiri kutoka kaskazini mwa Uswidi mpaka Austria kushindana, na kitu pekee ilichokifanya jukwaani ni kuwafanya washindani wake waimbe nayo, bila mwalimu, ikianzishwa na yule kijana ambaye mwanzoni kabisa kuna waliokuwa hawamtaki hata kwenye mazoezi. Ungeweka majaji wananyanyua vibao vya alama baada ya hapo ungeharibu kila kitu. Ni mwisho wa kihisia kupita kiasi, ndio, unakukamua, ila umeandaliwa tangu siku ile walipolala chini kutafuta toni zao, haujadondoka kutoka juu.

Sasa kuwaonyesha. Kuna sini za mapenzi na uchi kidogo, mojawapo ni ya mchungaji na mkewe mwenyewe, kuna kipigo kinachotisha, cha Gabriella na cha Daniel, na kuna hayo magazeti. Kwa hiyo vijana wa kipaimara waache nyumbani. Mchungaji wako mpe aiangalie peke yake kwanza, na umwambie waziwazi kuna mchungaji mbaya humo ndani, maana akiikuta kwa mshtuko mbele ya kwaya atadhani umemlenga yeye, na hapo hata hiyo safari inaweza kupata homa. Akishaiona mwenyewe atakuwa na la kusema, pengine hata kumjibu Inger, na mjadala huo utakuwa mtamu kuliko muvi.

Suala la Gabriella usiliruke. Kwenye kwaya ya watu wazima humkosi mmoja ambaye ile ndio nyumba yake, na hatasema. Waswidi waliweka kosa maalumu la ukatili wa kurudiarudia dhidi ya mwanamke kwenye sheria yao mwaka 1998, muvi inatoka miaka sita baadaye na bado inaonyesha kijiji kimenyamaza. Na sisi Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, miaka yote hiyo, na bado tunaambiana mambo ya ndoa hayaingiliwi. Sikwambii ufanye semina baada ya muvi, ila awepo mama mmoja wa kuaminika, mwinjilisti au mzee wa kanisa, atakayebaki nyuma viti vikikusanywa, mwenye neno atamfuata.

Mambo ya kiufundi: maneno ya chini mtayapata ya Kiingereza, wazee watachoka kusoma, na muvi inazidi saa mbili. Tafuta kijana mchangamfu awe anatafsiri kwa sauti kama DJ Afro vile, watu watacheka na kuelewa, ila mpe amri moja, Gabriella akianza kuimba anyamaze, na mwishoni ukumbini anyamaze tena. Gaweni mara mbili kama mna mazoezi Jumatano na Jumamosi, kateni pale baada ya konseti ya Gabriella, nusu ya pili watu watakuja wote bila kukumbushwa.

Najua pia litakujia wazo la kujifunza huo wimbo wa Gabriella mkawaimbie wenyeji. Mimi ningekushauri uache. Wameusikia kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye kila sherehe, na Kiswidi chenu kitakuwa cha kukariri. Hao watu wana historia na Kagera, mpaka askofu wenu wa Bukoba wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Bengt Sundkler, alikuwa Mswidi, kuna wazee kule wamezaliwa na wamisionari huku na wanakumbuka. Wapelekee kitu cha Kihaya chenye ngoma na vigelegele, halafu chukua moja kutoka Mwimbieni Bwana ambayo tuni yake na wao wanayo kwenye kitabu chao, muuanzishe kwa Kiswahili kwa sauti nne na muwaachie nafasi, wataingia wenyewe kwa Kiswidi. Hiyo muvi ya pili ya 2015 msihangaike nayo kabla ya safari, kwaya ipo lakini ni dhaifu kuliko hii, mkirudi na mkiwa na hamu ndio muitafute.